Uraibu na ugonjwa wa akili kwa mtu mmoja: mwongozo kamili wa matibabu

Mtu anayetumia heroini na pia anasikia sauti zisizokuwepo, au anayekunywa pombe kali kila siku huku amekata tamaa ya kuishi, mara nyingi hupigwa danadana. Kliniki ya magonjwa ya akili humwambia aache vilevi kwanza ndipo atibiwe. Nyumba ya kuhudumia waraibu nayo humwambia akatibiwe akili kwanza ndipo apokelewe. Danadana hiyo inaua watu. Maradhi haya mawili hulishana: sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) isiyotibiwa humrudisha mtu kwenye chupa, na chupa huvuruga kazi ya dawa za sonona. Kwa hiyo yote yaliyomo humu yanasimama juu ya kanuni moja: yatibiwe kwa wakati mmoja, na timu moja ikiwezekana, la sivyo na timu mbili zinazopigiana simu na kusoma faili moja.

Dozi zinazotajwa hapa ni zile za kawaida kwa watu wazima. Tumeziweka ili mgonjwa na ndugu zake waelewe wanachopewa na wajue la kuuliza. Si za kujipimia nyumbani.

Kabla ya kuacha chochote, andika

Usimwachishe mtu kilevi kabla hujajua ni kipi na anatumia kiasi gani. Pombe, pamoja na dawa za usingizi na za kutuliza za jamii ya diazepamu (lorazepamu, alprazolamu, klonazepamu), zinaweza kumuua mtu kwa kuachwa ghafla. Arosto (mateso ya mwili unapokosa kilevi ulichokizoea) ya heroini ni kali sana, lakini kwa aliye na afya ya wastani ni nadra kuua yenyewe. Kinachoua hapo ni kukaukiwa maji kwa anayetapika na kuharisha bila uangalizi, au ile dozi ya kwanza atakayoirudia baada ya mwili kusahau kiasi ulichokizoea.

Keti naye wakati ametulia, mchukue karatasi. Andikeni kila kilevi, kiasi cha siku, njia anayotumia (kunywa, kuvuta, kunusa, kujidunga) na saa aliyotumia mara ya mwisho. Hiyo saa ndiyo taarifa muuguzi atakayoihitaji kuliko zote, na ndiyo ndugu husahau kuiuliza. Andikeni pia kama aliwahi kuacha zamani na nini kilimpata: aliwahi kupata degedege? Aliwahi kuchanganyikiwa na kuona vitu? Aliyewahi kupata degedege alipoacha pombe yuko kwenye hatari kubwa ya kulipata tena, na arosto ya pombe huelekea kuwa kali zaidi kadiri mtu anavyoacha na kurudia.

Kisha chora mstari wa maisha yake tangu utotoni hadi leo. Juu ya mstari weka miaka ya vilevi: alianza lini, aliongeza lini, aliacha lini. Chini yake weka dalili za akili: kukosa usingizi kwa wiki nzima bila kuchoka, kujitenga, kusikia sauti, kujaribu kujiua. Unatafuta mambo mawili: kipi kilitangulia, na katika kipindi kirefu zaidi alichokaa bila kilevi, akili yake ilikuwaje. Kama aliwahi kukaa miezi sita mkavu na bado alikuwa haamki kitandani, daktari ana kila sababu ya kuamini kwamba sonona yake inajitegemea. Ongezeni ndugu wa damu waliowahi kuugua akili au uraibu. Mwisho, kusanyeni paketi zote za dawa anazomeza, za hospitali na za mitishamba, mziweke kwenye mfuko mmoja. Mfuko huo uende naye kliniki.

Siku ya kwanza kliniki

Uraibu hupimwa kwa vigezo. Mwongozo wa DSM-5, unaotumiwa na madaktari wengi wa akili, una vigezo 11 vinavyoangaliwa kwa miezi 12 iliyopita: kutumia zaidi ya ulivyokusudia, kushindwa kupunguza, hamu kali, kuharibikiwa kazini na mengineyo. Viwili au vitatu ni uraibu mwepesi, vinne au vitano wa kati, sita na zaidi ni mkali. Kwa pombe, Shirika la Afya Duniani lilitengeneza dodoso la AUDIT lenye maswali 10 na alama 40. Kuanzia alama 8 unywaji umeshakuwa hatari, na kuanzia 20 kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu ameshakuwa tegemezi.

Sonona hupimwa mara nyingi kwa PHQ-9, maswali tisa, alama 27, ambapo 10 na zaidi humpasa mtu achunguzwe kwa kina. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa. Jibu lolote lisilokuwa "hapana kabisa" lifuatiliwe siku hiyo hiyo: ana mpango gani, ana kifaa gani, nani yuko naye usiku. Wengi huogopa kumuuliza mtu kuhusu kujiua wakidhani watampandikizia wazo. Swali halimpandikizii. Ulizeni waziwazi, kwa maneno ya kawaida.

Ila PHQ-9 iliyojazwa katikati ya arosto hudanganya, kwa sababu arosto yenyewe huleta kukosa usingizi, hamu ya chakula kupotea na huzuni. Irudiwe kila baada ya wiki mbili. Mwelekeo wa alama una maana kuliko alama za siku moja.

Vipimo vya mwili visirukwe, hata kama dalili zinaonekana za akili tupu. Sukari ya damu, ini, figo, wingi wa damu na tezi ya shingo. VVU, homa ya ini B na C, na kifua kikuu. Ujauzito kwa kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa. Kipimo cha umeme wa moyo kwa anayetarajiwa kuanza methadoni (dawa ya kutibu uraibu wa heroini) na ana historia ya moyo, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kuvuruga mapigo. Ulizeni kuhusu kupigwa au kuanguka na kuumia kichwa: mlevi aliyechanganyikiwa anaweza kuwa anavuja damu ndani ya fuvu. Na anayekutwa na homa ya ini C asikate tamaa, kwani vidonge vya wiki 8 hadi 12 huwaponya zaidi ya asilimia 95 ya wanaovimaliza.

Kuondoa sumu mwilini

Hatua hii ni mlango tu. Anayemaliza siku kumi za kusafishwa mwili na kurudishwa nyumbani bila mpango mwingine hajatibiwa bado, na kwa mtumiaji wa heroini yuko hatarini kuliko alivyokuwa kabla hajaingia.

Pombe. Dalili huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho: mikono kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio. Degedege huja zaidi kati ya saa 6 na 48. Kuchanganyikiwa kwa hatari, kunakoitwa deliria, huja siku ya pili hadi ya nne. Anayeweza kuachishwa nyumbani ni yule asiye na historia ya degedege wala deliria, asiye mjamzito, asiye na ugonjwa mkubwa wa mwili au mawazo ya kujiua, na ambaye ana mtu mzima asiyekunywa wa kukaa naye usiku na mchana huku mhudumu wa afya akimwona kila siku. Akikosa hata sharti moja kati ya hayo, alazwe.

Dawa kuu ni ya jamii ya diazepamu, kwa sababu hufanya kazi kwenye vipokezi vilevile vya ubongo ambavyo pombe ilivizoesha. Mpangilio wa kawaida ni diazepamu miligramu 10 mara nne siku ya kwanza, kisha kupunguza kila siku hadi iishe ndani ya siku 5 hadi 7. Penye wauguzi wenye ujuzi, dozi hufuata alama za CIWA-Ar, kipimo cha ukali wa arosto ya pombe chenye vipengele 10 chenye alama za juu 67. Chini ya 8 kwa kawaida hakuna haja ya dawa ya kutuliza. Ini likiwa limeharibika, lorazepamu ni salama zaidi. Dawa hizi zisimfuate nyumbani kwa mwezi mzima, maana atatoka na uraibu mpya.

Vitamini B1, yaani thiamini, ipewe kila mnywaji mkubwa, na itangulie au iende sambamba na dripu ya sukari. Mnywaji wa siku nyingi huwa ameishiwa thiamini, na sukari inayoingia ghafla humaliza kidogo kilichobaki na kuumiza ubongo. Anayekula vibaya au amekonda apewe kwa sindano, kwani utumbo wake haunyonyi vya kutosha. Mkiona macho yanacheza, anatembea kama mlevi ingawa hajanywa, na hajui yuko wapi, hiyo ni dharura ya dakika, na thiamini hutolewa kwa mshipa kwa dozi kubwa mara kadhaa kwa siku.

Hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Siku ya tatu mgonjwa anaanza kuokota vitu visivyoonekana kwenye shuka, vidole vinabana na kuvuta, jasho linamtiririka, anamwita mtu ambaye hayupo chumbani. Wanaomwona husema amerukwa na akili. Hufungwa kamba na kuchomwa sindano ya haloperidoli (dawa ya wanaosikia sauti) peke yake. Haloperidoli haitibu arosto ya pombe, na inaweza kurahisisha degedege kutokea. Anachohitaji ni diazepamu au lorazepamu ya kutosha, thiamini, maji, chumba chenye mwanga na mtu anayemfahamu kando yake. Yeyote anayepokea mgonjwa aliyeanza "kuchanganyikiwa" akiwa amelazwa au amefungiwa mahali kwa siku tatu aulize kwanza: alikuwa anakunywa?

Heroini na jamii yake. Arosto ya heroini huanza saa 8 hadi 24 baada ya dozi ya mwisho, hufika kilele siku ya pili au ya tatu, na huisha kati ya siku 5 na 10. Ya methadoni huchelewa kuanza na inaweza kwenda wiki mbili au zaidi. Kupitia arosto na kuacha kila kitu ndilo chaguo familia nyingi hulipenda, na ndilo dhaifu kuliko yote. Methadoni na buprenofini, dawa zinazoshika nafasi ya heroini, zikitumiwa kwa muda mrefu hupunguza vifo. Ndiyo maana ziliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2005. Anayemeza methadoni kila asubuhi, analala, anafanya kazi na hajidungi, yuko kwenye tiba, kama alivyo mgonjwa wa kisukari na insulini yake. Kumwambia "bado unatumia" ni kumsukuma atoke.

Buprenofini ina mtego wake. Hushika vipokezi kwa nguvu na kuifukuza heroini iliyopo, lakini yenyewe huviamsha nusunusu. Ikimkuta mtu bado ana heroini mwilini, itamwangusha kwenye arosto kali ndani ya saa moja, naye hatarudi tena. Kwa hiyo subiri angalau saa 12 baada ya heroini, na siku moja hadi tatu baada ya methadoni. Aliyekuwa akitumia fentanili (ya jamii ya heroini, yenye nguvu zaidi) kwa muda mrefu huenda akahitaji kusubiri zaidi. Saa peke yake isitoshe, angalia mwili: miayo mfululizo, mafua, mboni zilizotanuka, vinyweleo vimesimama, tumbo linakata. Kipimo cha COWS, kinachopima ukali wa arosto ya heroini, kikifika alama 12 hivi, ni wakati mzuri wa kuanza. Dozi ya kwanza huwa miligramu 2 hadi 4, na baadaye wengi hutulia kati ya 8 na 24 kwa siku.

Namna ya kuitumia huharibu kazi mara nyingi kuliko dozi yenyewe. Mgonjwa alowanishe kinywa kwa maji kidogo, aweke kidonge chini ya ulimi, anyamaze na asimeze mate mpaka kiyeyuke chote, dakika 5 hadi 10. Kikimezwa, ini hukiharibu kabla hakijafika kwenye ubongo na mgonjwa atalalamika kwamba dawa ni dhaifu. Kikiisha asukutue kwa maji na kuyameza, kisha asubiri saa moja kabla ya kupiga mswaki, kwani dawa hii imehusishwa na kuharibika kwa meno.

Methadoni nayo ni mwendo wa kobe. Huanza kwa miligramu 10 hadi 30, siku ya kwanza isizidi 40. Sumu yake ni ya kujikusanya: sehemu kubwa ya dozi ya leo bado imo mwilini kesho, na kiwango kwenye damu huendelea kupanda kwa siku kadhaa hata kama dozi haijaongezwa. Mgonjwa anayelia siku ya pili kwamba haimtoshi, akiongezewa haraka, anaweza kufa usingizini siku ya tano. Ongezeko la miligramu 5 hadi 10 kila baada ya siku kadhaa linatosha. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Kliniki zinazowakwamisha wagonjwa wote kwenye 30 au 40 kwa kuogopa "kuwazoesha" huwarudisha mtaani bila kujua. Mjamzito asiachishwe heroini ghafla, kwa sababu arosto inaweza kuhatarisha ujauzito. Aanzishiwe methadoni au buprenofini.

Dawa za kutuliza. Aliyezimeza kwa miezi hupunguziwa asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila wiki 2 hadi 4. Ndiyo, inaweza kuchukua mwaka. Kasi ikimletea wasiwasi usiovumilika, simama kwenye dozi ileile wiki mbili zaidi, usirudi juu.

Kokeini na methamfetamini hazina dawa mahsusi ya kuziondoa. Mtu huporomoka: hulala siku mbili tatu, hula sana, kisha huzuni nzito humfunika. Hatari ya siku hizo ni kujiua, na ndilo la kulindwa. Bangi huleta hasira, ndoto kali na kukosa usingizi kuanzia siku ya kwanza au ya pili, na hupoa ndani ya wiki mbili au tatu.

Kutenganisha cha kilevi na cha akili

Kwa kawaida dalili za akili zilizoletwa na kilevi hupungua ndani ya mwezi mmoja baada ya arosto kuisha. Sonona ya mnywaji hupungua sana kwa wengi ndani ya wiki mbili hadi nne bila dawa yoyote ya sonona. Kwa hiyo kusubiri kidogo kuna maana kwa mwenye huzuni na wasiwasi wa wastani asiye na historia ya nyuma.

Lakini kusubiri kusigeuzwe sheria. Usisubiri kwa mwenye mawazo ya kujiua, kwa anayesikia sauti au kuamini anafuatwa, kwa anayejulikana kuwa na ugonjwa wa hisia mseto (hisia kupanda hadi wazimu kisha kushuka hadi sonona) au skizofrenia (ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo), wala kwa yule ambaye mstari wake wa maisha unaonyesha kwamba ugonjwa ulitangulia kilevi. Hawa waanzishiwe au waendelee na dawa zao tangu siku ya kwanza, hata kama bado wanatumia.

Dawa za sonona za kundi la fluoksetini na setralini huchukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha kazi yake, na wengi huziacha wiki ya pili wakisema hazifai. Waambiwe mapema. Mwenye hisia mseto asipewe dawa ya sonona peke yake, kwani inaweza kumpandisha wazimu. Anahitaji kwanza dawa ya kusawazisha hisia. Amitriptilini, nayo ya sonona, ni rahisi kupatikana lakini huua ikimezwa nyingi, hasa pamoja na pombe, basi mwenye hatari ya kujiua asikabidhiwe zaidi ya vidonge vya wiki moja, na bora zaidi apewe dawa ya jamii nyingine. Kwa mwenye skizofrenia anayesahau vidonge, sindano ya mara moja kila wiki mbili au nne huokoa ugomvi mwingi nyumbani.

Dawa zinazogombana

Tunalisisitiza hili kwa sababu lisipojulikana humrudisha mtu kwenye heroini bila kosa lake. Rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi ya VVU, na kabamazepini na fenitoini za kifafa huharakisha ini kuivunja methadoni. Mgonjwa aliyekuwa ametulia anaanza arosto ndani ya siku chache au wiki mbili za kuanza dawa hizo. Kliniki mbili zisipozungumza, mmoja humwona mlalamishi na mwingine hajui lolote. Dozi ya methadoni ipandishwe kwa kufuata dalili, na ishushwe tena polepole dawa ile ikimalizika. Flukonazoli hufanya kinyume: huipandisha methadoni kwenye damu.

Methadoni pamoja na diazepamu au pombe hupunguza pumzi, na vifo vingi vya usiku hutokana na mchanganyiko huo. Klozapini na olanzapini, dawa za skizofrenia, huathiriwa na sigara. Moshi, wala si nikotini, hulifanya ini livunje dawa haraka. Mvutaji akilazwa mahali pasiporuhusu sigara, klozapini hupanda kwenye damu ndani ya siku chache, naye husinzia kupita kiasi au hata kupata degedege. Mwambieni daktari kabla ya kuacha sigara.

Kwa aliyeacha pombe kuna dawa tatu. Naltreksoni miligramu 50 kwa siku hupunguza hamu, lakini ni marufuku kwa anayetumia methadoni, buprenofini au heroini, maana itamwangusha kwenye arosto papo hapo. Aliyekuwa kwenye heroini akae siku 7 hadi 10 bila chochote cha jamii hiyo kwanza. Akamprosati miligramu 666 mara tatu kwa siku humfaa mwenye ini bovu lakini inataka figo nzima. Disulfiramu humfanya anayekunywa aumwe vibaya, na nguvu yake inaweza kubaki hadi wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho. Ipewe kwa hiari ya mgonjwa tu, asimamiwe na mtu anapomeza, na isiwekwe kwenye chakula kwa siri. Huo ni ukatili na unaweza kuua. Mwenye saikosisi (anayesikia sauti au kuamini yasiyokuwepo) aikwepe, kwa kuwa inaweza kumrudishia dalili.

Nasaha inayofanya kazi

Mazungumzo ya kuamsha hamasa, yaliyoasisiwa na William R. Miller na kuendelezwa na Stephen Rollnick, huanza kwa kumwacha mtu ataje mwenyewe anachopoteza na anachotaka. Mahubiri humfanya ajitetee, na kila anapojitetea hujishawishi kuendelea.

Baada ya hapo kazi kubwa ni kuchambua tukio moja moja. Mnasihi mzuri hachoki kuuliza: Ijumaa ile, saa ngapi hamu ilikuja, ulikuwa na nani, ulikuwa na fedha kiasi gani mfukoni, uliwaza nini, ulifanya nini, kilifuata nini? Baada ya matukio matano sita njia ileile huanza kujionyesha: labda siku ya mshahara, labda ugomvi na mama, labda sauti zikizidi usiku. Kila njia huwekewa mpango wake kwa maandishi. Hamu kali kwa kawaida hupanda na kushuka ndani ya dakika 15 hadi 30. Mpango ni wa kuvuka dakika hizo: nampigia nani, natoka kwenda wapi, nafanya nini na mikono yangu. Kwa mwenye sonona ongezeni ratiba ndogo ya kila siku, kwani saa tupu ni adui wa maradhi yote mawili.

Kwa kokeini na methamfetamini, njia yenye ushahidi mkubwa zaidi ni zawadi. Mkojo hupimwa mara mbili kwa wiki; ukiwa safi, mgonjwa hupata hati ya thamani ndogo papo hapo, na thamani hupanda kila safari mfululizo. Ukiwa mchafu hapati kitu na ngazi huanza upya chini, bila kukaripiwa. Hukwama pale zawadi inapocheleweshwa: ikija mwisho wa mwezi ubongo hauiunganishi tena na tendo.

Mwenye skizofrenia au aliyepungua umakini apewe vipindi vifupi, dakika 20 hadi 30, jambo moja kwa siku. Kundi la watu ishirini wanaokabiliana kwa makelele humdhuru.

Kuchagua mahali

Kabla ya kulipa au kumwacha ndugu yako, uliza maswali haya na usikilize jinsi yanavyojibiwa:

- Nani anamwona usiku wa kwanza, na ana sifa gani?
- Mnafanya nini akipata degedege?
- Mnapokea mgonjwa anayetumia dawa za akili, na mnazitoa kwa wakati?
- Mnaruhusu methadoni au buprenofini?
- Daktari wa akili huja mara ngapi?
- Akitoka, nani anamfuatilia na kwa muda gani?

Pingu, viboko, kufungiwa, kunyang'anywa dawa za akili kwa hoja kwamba "dawa ni dawa tu", kukatazwa kuonana na ndugu kwa miezi, na ahadi ya kupona kabisa ndani ya siku saba: kimojawapo kinatosha kuondoka. Vivyo hivyo na kusafishwa heroini kwa saa chache chini ya usingizi wa upasuaji, njia iliyowahi kuua watu bila kuleta faida ya kudumu.

Kuhusu muda, matibabu ya chini ya siku 90 huwa na manufaa madogo, na methadoni hutakiwa angalau miezi 12. Siku hizo 90 si lazima ziwe za kulazwa. Wengi hutibiwa vizuri wakilala nyumbani, kama nyumba ni salama.

Kazi ya familia

Usizungumze jambo zito na mtu aliyelewa, subiri asubuhi. Sema ulichokiona na unachoomba, kwa sentensi fupi: "Jana hukulala, ulikuwa unaongea na ukuta. Naomba twende pamoja kliniki kesho saa tatu." Msifu siku aliyo mkavu na ukae naye siku hiyo, siku aliyotumia, jiondoe kwa upole. Usilipe madeni yake ya kilevi wala kumdanganyia mwajiri, lakini chakula, nauli ya kliniki na dawa visikatwe kama adhabu.

Dawa zote ndani ya nyumba ziwe chini ya kufuli. Methadoni ya kupeleka nyumbani hasa: dozi ya mtu mzima aliyeizoea inaweza kumuua mtoto anayeionja mara moja.

Akirudia

Kurudia ni jambo la kawaida katika ugonjwa huu, na asifukuzwe kwenye matibabu kwa dalili ya ugonjwa anaotibiwa. Badilisheni kitu: dozi, mara za kuonana, mahali anapolala. Mkikuta amekosa methadoni siku tatu mfululizo, asipewe dozi yake ya zamani kabla ya kuonwa na daktari. Zikifika siku tano, dozi huanzishwa karibu upya.

Wakati hatari kuliko wote ni wiki mbili za kwanza baada ya kutoka kusafishwa mwili, hospitalini au gerezani. Mwili umesahau, mkono unakumbuka kiasi kile kile. Kila nyumba yenye mtumiaji wa heroini iwe na naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini aliyezidisha, na angalau watu wawili wanaojua kuitumia.

Ukimkuta hajibu, midomo imebadilika rangi, anakoroma kwa shida au hapumui, mboni zake ndogo kama ncha ya sindano: mwite kwa sauti na umsugue mfupa wa kifua kwa vifundo vya vidole. Asipoitikia, ita msaada wa dharura. Mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi moja kila sekunde tano. Toa naloksoni, ya puani miligramu 4 au ya msuli miligramu 0.4. Endelea kumpulizia. Baada ya dakika 2 hadi 3 kama hapumui vizuri, rudia dozi. Akianza kupumua mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi. Usimmwagie maji, usimchome maziwa wala chumvi, usimtembeze.

Atakapozinduka atakuwa na arosto na hasira, naye atataka kutumia tena mara moja. Mzuie kwa maneno na usimwache peke yake: naloksoni huisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 90, na kama alichotumia hukaa mwilini zaidi ya hapo, anaweza kuzima tena. Aangaliwe hospitalini. Kabla hajaruhusiwa, mwambieni daktari aliyemhudumia kama alizidisha kwa bahati mbaya au alitaka kufa, na kliniki yake ipewe taarifa siku hiyo hiyo.